Kimya Tunachokifundisha

Mwezi wa Julai 2023, majuma machache baada ya msiba wa Mpondwe, nilihudhuria mkutano wa walimu katika wilaya moja ya Uganda ya kati. Ajenda ya nne ilikuwa usalama wa wanafunzi. Tuliijadili kwa muda wa saa moja na nusu, na muda wote huo tulizungumza juu ya ukuta: urefu wake, bei ya matofali, vipande vya chupa vya kupandikizwa juu yake, idadi ya walinzi, na kama lango liwe moja ama mawili. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa Kiswahili kama mimi, alisimama akauliza: "Na walio ndani ya ukuta, je?" Mwenyekiti alimjibu kwamba walio ndani ni sisi, kisha akafungua ajenda ya tano, iliyohusu mitihani.

Sisemi kwamba ukuta hauna maana. Usiku wa tarehe 16 Juni mwaka ule waasi wa ADF waliivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, pale Mpondwe mpakani, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala mabwenini. Mwalimu atakayesimama leo kudharau ulinzi wa shule za mpakani hana haya. Ninachosema ni kwamba tumeufanya ukuta kuwa jibu la kila swali, ilhali maswali yenyewe hatujayauliza.

Tuwatazame majirani zetu wa Kenya. Mwaka 1998 wasichana 26 waliungua katika bweni la Bombolulu, Kwale. Mwaka 2001 wavulana 67 waliungua Kyanguli, Machakos. Katika misiba yote miwili madirisha yalikuwa na nondo, na palikuwa na mlango uliofungwa kwa kufuli. Nondo na kufuli hizo ziliwekwa kwa nia njema, ati kwa usalama. Kwetu nako bweni la Budo liliungua Aprili 2008, na Shule ya Wasioona ya Salama, Mukono, ikaungua Oktoba 2022, wakafa watu 11, wengi wao watoto. Moto wa Kyanguli uliwashwa makusudi. Katika bweni lenye wavulana wengi kiasi kile, sisadiki kwamba hakuna hata mmoja aliyesikia mnong'ono kabla ya usiku ule. Nadhani aliyesikia hakuwa na wa kumwambia, au alikwisha kujua yule atakayemwambia angemfanya nini.

Basi hoja yangu ni hii. Mtoto wa shule hulindwa kwanza na neno analoweza kulitamka, pamoja na mtu mzima anayeweza kulisikia. Sisi walimu wa lugha, ambao maneno ndiyo riziki yetu, tungalipaswa kuwa mstari wa mbele katika jambo hili. Badala yake tumekuwa wafundishaji wa kimya, tena wafundishaji hodari.

Tuanze na msamiati. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika Shule ya Mseto ya St. Kizito huko Meru, wavulana waliokuwa katika mgomo walivamia bweni la wasichana ambao walikataa kugoma pamoja nao. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Baadaye msaidizi wa mkuu wa shule alinukuliwa magazetini akieleza kwamba wavulana hawakukusudia kuwadhuru wasichana, bali walitaka kuwabaka tu. Ulimwengu ulishangaa. Lakini anayeijua lugha inayosemwa katika vyumba vya walimu vya Afrika Mashariki hana sababu ya kushangaa, kwa maana mgawanyo ule, kudhuru huku na kubaka kule, umo katika maneno tunayoyatumia kila siku.

Magazeti ya Kiswahili huandika kwamba mtoto "amenajisiwa". Najisi ni uchafu unaomtoa mtu katika tohara. Kwa neno hili, basi, aliyetendewa ndiye aliyegeuka mchafu, na mtenda anakwenda zake msafi. Mitaani husemwa "ameharibiwa", kama papai lililoangushwa, au "amechezewa", kana kwamba ulikuwapo mchezo. Wenzetu wanaofundisha Kiingereza wasijione kwamba wamesalimika: neno linalotumika katika mahakama za Uganda kwa kosa hilo hilo, asili yake ni kutia uchafu. Nacho Kiganda hutumia okusobya, kitenzi ambacho katika mazungumzo ya kawaida maana yake ni kukosea, mithili ya mtu aliyekosea njia. Lugha tatu, na katika zote tatu mtoto hana pa kusimama ila penye doa. Je, atasemaje? Kila neno analotaka kulitumia kushtakia linamshtaki yeye.

Kisha ipo kauli. Huwachosha watoto kwa mazoezi ya kutenda na kutendwa, tukawaonya kwamba sentensi ya kutendwa haina budi kuonyesha mtenda pale anapojulikana. Shule zilipofunguliwa Januari 2022, baada ya kufungwa takriban miaka miwili kwa sababu ya korona, wasichana walirudi wengine wakiwa wajawazito, wengine wameacha vichanga kwa bibi zao. Katika chumba chetu cha walimu neno lilikuwa moja: fulani amepata mimba, na fulani naye amepata. Amepata, kama apataye barua au homa. Tulibishana siku tatu kama inafaa wakae darasani na wenzao. Sikumbuki hata mmoja wetu, nami nikiwamo, aliyeuliza: ni nani aliyewapa? Wanasarufi wazima, tumekaa mezani na sentensi isiyo na mtenda, wala hatukuona kwamba kuna kilichopungua.

Methali nazo ni fahari yetu, nami sitaki kuzivunjia heshima. Hata hivyo zipo tunazozitumia kama kizibo cha chupa. "Funika kombe mwanaharamu apite" niliisikia kwa masikio yangu katika kikao cha nidhamu, ikatamkwa kwa upole kabisa na mtu ambaye hakutaka jina la shule liingie redioni. "Siri ya mtungi aijuaye kata" huambiwa mtoto anayetaka kusimulia mambo ya nyumbani kwao. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" hugeuzwa kuwa shutuma kwa mama wa aliyeumizwa. Nazo methali zinazosema kinyume, mficha uchi hazai, mficha maradhi kilio humfichua, tunazifundisha kwa ajili ya karatasi ya mtihani: "kamilisha methali ifuatayo". Mtoto huikamilisha, akapata alama yake moja, akarudi na maradhi yake.

Tutazame na vitabu vyetu. Vile nilivyovitumia tangu nianze kazi vina mazungumzo ya sokoni, ya hospitalini, ya kituo cha basi na ya uwanja wa ndege. Mtoto wa Luwero ambaye hajapata kuiona ndege ila ikipita angani anamaliza kidato cha nne akijua kuulizia mizigo yake iliyopotea. Ukanushaji hufundishwa kwa mifano ya sitaki chai, sitaki sukari. Sijapata kuona zoezi lenye "sitaki unishike", "niache", "nimeumizwa", "naomba niongee na mwalimu mwingine". Sarufi ni ile ile! Kiambishi cha ukanushi hakibadiliki kwa kuwa kinachokataliwa ni mkono badala ya kikombe.

Yafaa nikumbushe pia kwamba historia ya lugha yetu katika nchi hii inatudai zaidi kuliko inavyowadai walimu wa hesabu au jiografia. Kiswahili kilikaa miaka mingi katika kambi za jeshi na vituo vya polisi. Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, masikioni mwa wengi kilikuwa kikinuka baruti: watu waliamriwa kulala chini kwa Kiswahili, wakaporwa kwa Kiswahili. Mpaka leo wapo wazazi wanaomuuliza mtoto kwa nini anajifunza lugha ya wezi. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 lugha hii ilipewa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini sauti tunayoingia nayo darasani ni ipi? Nimepita nje ya madarasa ya wenzangu, na ya kwangu nayajua, nikasikia kwa kipindi kizima vitenzi vya amri tupu: simama, kaa, nyamaza, piga magoti, leta mkono.

Juu ya hayo, shule kadha wa kadha zingali na kibao. Msomaji wa nchi jirani pengine amekisahau, basi nieleze. Mwanafunzi anayesikika akisema lugha ya mama huvishwa kibao shingoni, naye hukivaa mpaka amsikie mwenzake akifanya kosa hilo hilo, hapo humvisha huyo. Jioni aliyekivaa mwisho huadhibiwa. Fikirini tunachofundisha hapo. Tunawazoeza watoto kuchongeana kwa ajili ya neno moja la Kiganda au la Runyankole lililotamkwa wakati wa mapumziko, tena kwa bidii na kwa haraka. Na watoto hao hao tunawataka, siku watakapomwona mwenzao akitoka nyumba ya mwalimu usiku akilia, waje kutuambia. Hawaji. Wamejifunza kwamba kusema habari za mwenzako ni kumponza.

Nitasema neno fupi juu ya sanduku la maoni, maana kila mkaguzi akija tunamwonyesha. La shule moja niliyofundisha lilitundikwa kando ya mlango wa mkuu wa shule, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Tulipolifungua mwisho wa mwaka tulikuta kiota cha nyigu na karatasi moja iliyolalamikia posho na maharage. Mkuu alifurahi. Alisema ni dalili kwamba shule haina matatizo.

Pamoja na hayo yote, mtoto husema. Hili ndilo jambo lililonifanya niandike. Yako mambo asiyoweza kuyatamka kwa lugha ya mama, kwa kuwa kila neno lake lina mwiko na kila mwiko una shangazi wa kuulinda. Wala hayawezi kwa Kiingereza, lugha ya kupimwa na kuaibishwa. Wakati mwingine huyaandika kwa Kiswahili, lugha ambayo bado ni ngeni kwake na haijamjua. Huyaandika katika insha, kwa kuwa insha ndiyo mahali pekee katika ratiba ya juma zima ambapo mtu mzima amemwambia: nieleze habari zako.

Mwaka 2011 nilikuwa nikifundisha kidato cha pili katika shule ya bweni, ambayo sitaitaja. Nilitoa insha yenye kichwa "Siku Nisiyoweza Kuisahau", kichwa tunachokipenda sote kwa kuwa hakihitaji matayarisho. Msichana mmoja wa miaka 15, mpole, ambaye hakuwa akivuma kwa jambo lolote, aliandika nusu ukurasa. Aliandika kwamba mwalimu ilikuja usiku, ilimwita nje ya bweni, ilimwambia abebe madaftari mpaka nyumbani kwake, na kwamba tangu siku ile yeye hapendi usiku. Wanafunzi wetu wengi hukosea hivyo, humwandikia mtu "i-" badala ya "a-". Nilipiga mstari mwekundu chini ya kila "ilikuja" na kila "ilimwita", nikaandika pembeni: "Ngeli ya kwanza! Mwalimu ni mtu." Nikampa alama 9 kwa 20, na chini kabisa nikaongeza: "Insha fupi mno. Eleza zaidi."

Hakueleza zaidi. Muhula uliofuata hakurudi shuleni, na daftari lake lilibaki katika kabati langu pamoja na mengine yasiyo na wenyewe. Mwaka uliofuata mwalimu yule alihamia shule nyingine akiwa na barua nzuri ya kumsifu, nasi tulimchangia zawadi ya kumuaga. Habari zenyewe nilizipata miaka minne baadaye, kutoka kwa binti aliyelala kitanda cha pili naye, ambaye nilikutana naye katika kituo cha teksi. Aliniuliza bila ukali wowote: "Mwalimu, kwani hukusoma?"

Nilikuwa nimesoma. Ningeweza kumtajia makosa yote.

Najua yatakayosemwa, kwa sababu yamekwisha kusemwa mbele yangu. Kwanza husemwa kwamba watoto wa siku hizi ni waongo, na kwamba mwalimu anaweza kuangamizwa kwa uzushi wa msichana aliyefeli. Uzushi upo, sikatai. Lakini ni nani aliyemteua mwalimu wa Kiswahili kuwa hakimu? Kutoa taarifa si kutoa hukumu. Wapo waliopewa kazi ya kuchunguza, na mtuhumiwa naye ana haki ya kuchunguzwa na hao, badala ya kuchunguzwa na minong'ono ya jikoni. Sheria ya Watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamtaja mwalimu kwa cheo chake: akiamini kwa sababu za msingi kwamba haki ya mtoto imevunjwa, au akielezwa hivyo na mtoto mwenyewe, hana budi kutoa taarifa kwa wanaohusika. Sheria hiyo haikumpa nafasi ya kwanza kutafakari jina la shule. Tena ni marekebisho hayo hayo yaliyoharamisha adhabu ya viboko mashuleni, na kwa jinsi fimbo zinavyoonekana bado nyuma ya milango ya madarasa, nina mashaka kama tumeyafikisha macho hata kwenye ukurasa wa kwanza.

Pili husemwa kwamba madaftari ni mengi. Hoja hii naiheshimu. Mwenye mikondo minne ya wanafunzi 70 ana insha 280, na mshahara wake unamjua. Sina dawa ya wingi huo. Ninachoweza kusema ni desturi niliyoishika tangu 2015: madaftari huyapitia mara ya kwanza nikiwa nimeiacha kalamu nyekundu katika mkoba. Husoma upesi, kama mtu asomaye barua, nikitafuta habari tu. Huchukua jioni moja zaidi. Katika miaka hii mara tatu nimekuta jambo lililonitoa kitini, na mara moja lilihusu mvulana, jambo ambalo napenda wenzangu walitie akilini, kwa kuwa tumezoea kuhesabu wasichana peke yao.

Tatu husemwa kwamba kumsikiliza mtoto kupita kiasi ni kumwondolea adabu, na kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Wenye hoja hii hawakosi fimbo. Nami nawauliza: mtoto uliyemchapa Jumatatu kwa kukosea ngeli, atakuletea Jumanne habari ya mtu aliyemshika? Atakuwa mwehu! Amekwisha kuona jinsi mkono wako unavyofanya kazi kwa kosa dogo.

Sasa, mtoto akisema, tufanyeje? Hapa tumezoea kuishia kwenye neno "ushauri nasaha", ambalo limekuwa jina la kabati lisilo na kitu. Yako mambo ya kujua, wala si mengi. Mtoto asiitwe mbele ya wenzake. Akae na mwalimu mahali wanapoonekana na watu bali hawasikiki. Asiahidiwe siri, kwa sababu siri hiyo haitunziki na ahadi itakapovunjwa atakuwa amedanganywa na mtu wa pili. Aambiwe mapema ni nani atakayeelezwa na kwa nini. Asiulizwe kwa nini hakupiga kelele, wala alivaa nini, wala asirudishwe kueleza mara tano kwa watu watano, kuanzia kiranja hadi padri wa shule. Maneno yake yaandikwe siku hiyo hiyo kama alivyoyatamka. Akisema "ilikuja", iandikwe "ilikuja". Hapa ndipo mwalimu wa lugha anapotakiwa aache kosa lilivyo, maana ushahidi uliosafishwa sarufi si ushahidi wa mtoto tena. Ni insha ya mwalimu.

Akiwa amebakwa, hospitali haingoji kikao. Dawa ya kumkinga na virusi vya ukimwi haina budi kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea katika ofisi ya mkuu wa shule inakatwa katika hizo. Mtuhumiwa asiendewe kwanza, hata akiwa rafiki, hasa akiwa rafiki. Wala wazazi wasiitwe kuketi naye wapatane kwa mbuzi au kwa bahasha. Taarifa iende kwa polisi wa kitengo cha watoto na familia na kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Ipo pia simu ya 116, iitwayo Sauti, isiyotozwa malipo, na namba hiyo hiyo ya watoto inafanya kazi Kenya na Tanzania. Tumeiandika ukutani kwa rangi ya buluu, katika shule ambazo mwanafunzi akikamatwa na simu anafukuzwa majuma mawili. Namba ipo, simu ni haramu! Shule inayosema kweli itaweka simu moja ambayo mtoto anaweza kuitumia bila kueleza anampigia nani.

Sitamficha msomaji kwamba msaada wenyewe ni hafifu. Watafiti waliofanya kazi na watoto wa shule za msingi za Luwero waliwafikisha watoto 529 kwa vyombo vya ulinzi wa watoto wilayani, kutokana na yale ambayo watoto hao walieleza. Katika taarifa yao ya mwaka 2014 waliandika kwamba waliopata huduma ya kuridhisha walikuwa 20. Ishirini! Wapo watakaoichukua hesabu hiyo kuwa udhuru wa kunyamaza. Mimi naichukua kuwa sababu ya kumtaka mwalimu arudi kwa afisa yule juma lijalo, na lile lingine, akiwa na tarehe za ziara zake za nyuma zimeandikwa kwenye daftari. Ofisi zetu hazijibu karatasi. Hujibu mtu aliyekaa kwenye benchi.

Na Luwero hiyo hiyo ina habari nyingine. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitunga mpango wa kubadilisha mwenendo wa shule nzima, walimu, wanafunzi na wazazi pamoja, wakajadili adhabu, heshima na namna ya kusemezana. Ulijaribiwa katika shule za msingi 42, nusu zikiufuata na nusu zikingoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: katika shule zilizongoja, wanafunzi 49 katika kila 100 walisema kwamba wamepigwa au kuumizwa na wafanyakazi wa shule katika juma lililopita, katika zilizoufuata walikuwa 31. Thelathini na mmoja ni wengi mno, sitaki kuwapamba. Lakini tofauti ile haikuletwa na tofali hata moja.

Chama chetu kina kamati ya istilahi, iliyokaa miaka kadhaa ikitafuta maneno ya fizikia na kompyuta, na imefanya kazi ya kusifiwa. Katika mkutano mkuu ujao nitaleta hoja kwamba kamati hiyo ikae juu ya maneno haya: mtoto wa miaka 10 aliyeguswa asipopenda kuguswa aambiwe aseme nini, kwa Kiswahili chepesi, bila najisi na bila kuharibika. Nitaomba vilevile kwamba kitabu kitakachotungwa na wanachama wetu kwa ajili ya madarasa ya msingi kiwe na somo zima la kukataa na la kuomba msaada, kabla ya uwanja wa ndege. Na kwamba mwanachama atakayejulikana amemwandikia barua ya sifa mwalimu aliyeondolewa kwa sababu kama ile ya 2011 aitwe ajieleze mbele ya chama. Jina langu litakuwa la kwanza, kwa kuwa nami niliitia sahihi kadi ya kumuaga.

Mwenyekiti akinijibu kama alivyojibiwa yule mwenzetu, kwamba walio ndani ni sisi, nitamwomba aliandike jibu hilo katika kumbukumbu za mkutano, na ajenda ya mitihani ingoje.